Laptopu Inaganda Kila Inapojiunga na Wi-Fi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukirekebisha

Laptopu haina shida yoyote ikiwa nje ya mtandao. Unaandika, unafungua picha, unatazama video iliyomo ndani, kila kitu kinakwenda. Ukibonyeza tu jina la mtandao wa Wi-Fi, mshale wa kipanya unasimama, saa ya pembeni haisogei, muziki unakwama kwenye mlio mmoja, na hakuna la kufanya ila kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ukiiwasha, inajiunga yenyewe na mtandao uleule na kuganda tena kabla hujagusa kitu.

Wengi wakifika hapo hufuta Windows na kuiweka upya. Mimi naiona hiyo kuwa hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu Windows mpya ikishaingia mtandaoni inaweza kujiletea draiva ileile (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) iliyokuwa ikisumbua, na kazi ya siku nzima ikawa bure. Kinachookoa muda ni kujua mashine inaganda kwenye sekunde ipi ya safari ya kujiunga. Sekunde hiyo ndiyo inayomtaja mhusika: kadi ya Wi-Fi iliyomo ndani ya laptopu, draiva, ruta, au programu inayoamka intaneti ikipatikana. Kwa hiyo tutapima kwanza, ndipo tuje kwenye kurekebisha. Maelezo mengi ni ya Windows 10 na 11. Watumiaji wa Linux wana sehemu yao huko mbele.

Tuliza mashine kabla ya kuanza

Huwezi kuchunguza kompyuta inayoganda kila dakika mbili. Zima ruta, au ichukue laptopu mahali ambapo mtandao wake haufiki, kisha iwashe. Ikishatulia, zima Wi-Fi kwa kitufe cha ndege kwenye kibodi, ingia kwenye Settings, sehemu ya Network & internet, fungua mitandao inayojulikana na uondoe alama ya kujiunga moja kwa moja kwenye mtandao unaosumbua. Kuanzia hapo wewe ndiye utakayeamua lini ijiunge.

Kama inaganda hata ruta ikiwa imezimwa, ingia kwa Safe Mode, hali ya kuwaka na vitu vichache vya lazima tu: shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, halafu ikishawaka upya bonyeza namba 4.

Sasa nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje au flashi. Kuzima kwa nguvu mara kwa mara kunaweza kuharibu faili zilizokuwa zikiandikwa wakati huo, na hujui ni ipi katika mara hizo itaacha jeraha.

Imeganda yote, au sehemu tu?

Mashine ikiganda, usikimbilie kuizima. Bonyeza Caps Lock na utazame taa yake. Taa ikiwaka na kuzimika, kiini cha mfumo (kernel, sehemu ya ndani kabisa inayoongoza mashine) bado kiko hai na kilichokwama ni programu au skrini. Jaribu Ctrl+Alt+Delete, kisha Windows+Ctrl+Shift+B, ambayo huanzisha upya draiva ya skrini. Subiri dakika mbili au tatu. Ikirudi yenyewe, chanzo kinaelekea kuwa programu, diski nzito au memori ndogo.

Taa ya Caps Lock isipobadilika hata kidogo, kiini chenyewe kimesimama. Hapo washukiwa ni wachache: draiva, kadi, au kifaa kingine ndani ya mashine. Draiva ya Wi-Fi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, tofauti na kivinjari au programu ya kuandikia, ambazo zikifa zinakufa peke yake. Draiva ikiiuliza kadi swali na kadi isijibu, prosesa inaweza kubaki inasubiri, na kila kitu kingine kikasubiri pamoja nayo. Wakati mwingine Windows hulitambua hilo na kuonyesha skrini ya buluu. Ukiona DPC_WATCHDOG_VIOLATION, maana yake kazi ya draiva imechukua muda kupita unaoruhusiwa. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE inasema kuna draiva iliyoshindwa kupokea amri ya kulala au kuamka, na kadi za Wi-Fi ni washukiwa wa kawaida hapo.

Mshale ukisogea lakini upau wa chini na madirisha ya mafaili hayajibu, fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, tafuta Windows Explorer na uchague Restart. Ikipona kwa njia hiyo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya programu.

Inaganda katika sekunde ipi?

Kujiunga na Wi-Fi ni safari yenye vituo. Washa kamera ya simu uielekeze kwenye skrini, jiunge na mtandao, halafu tazama ulichorekodi.

Ikiganda pale tu unapowasha swichi ya Wi-Fi, kabla hujachagua mtandao wowote, kadi ndiyo kwanza inapewa umeme na kupakiwa programu yake ya ndani. Ruta haijaingia bado, kwa hiyo usiiguse. Chunguza draiva, kadi yenyewe na mahali ilipochomekwa.

Ikiganda baada ya kuweka nywila, wakati skrini inasema inaunganisha, laptopu na ruta zinakubaliana kuhusu usalama, masafa na upana wa chaneli. Hapa draiva ya zamani na ruta mpya hugombana mara nyingi.

Ikiganda baada ya kuunganishwa, kati ya sekunde kumi na dakika mbili, mambo mawili yanawezekana, na watu huyachanganya sana. Huenda kadi inashindwa kubeba mzigo wa data. Au kadi ni nzima, ila kupatikana kwa intaneti kumeziamsha Windows Update, antivairasi, huduma za kusawazisha faili na barua pepe kwa pamoja, na mojawapo ndiyo inayoangusha mashine.

Ikiganda baada ya kukaa kimya kwa muda, au ukiiamsha kutoka usingizini, anza na sehemu ya umeme.

Majaribio manne yanayogawa tatizo

Fanya moja baada ya jingine, na uandike matokeo kwenye karatasi. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya, na tatizo likirudi utaanza upya.

1. Zima Wi-Fi kabisa, kisha ipe laptopu intaneti kwa waya wa mtandao, au kwa simu iliyochomekwa kwa USB huku umewasha USB tethering. Itumie kama kawaida kwa nusu saa. Ikiganda hata hivyo, Wi-Fi haina kosa. Nenda kwenye programu, diski na memori.

2. Washa Wi-Fi bila intaneti. Acha ruta iwake lakini chomoa waya unaoiletea intaneti, au washa hotspoti ya simu ya Android huku data ikiwa imezimwa. Laptopu ikijiunga na kukaa salama, mshukiwa ni kinachoamka intaneti ikija, au mzigo wa data. Ikiganda, tatizo liko kati ya kadi, draiva na ruta.

3. Jiunge na mtandao mwingine kabisa. Ikiwa inaganda kwa ruta moja tu, usifungue laptopu. Rekebisha mapatano kati yake na ruta hiyo.

4. Tengeneza flashi ya Linux inayowaka bila kusakinishwa, kwa mfano Ubuntu, uiwashe laptopu kwa hiyo na ujiunge na mtandao uleule. Nalipenda sana jaribio hili. Diski haiguswi, na ndani ya robo saa unakuwa na mfumo mwingine na draiva nyingine kabisa juu ya kadi ileile. Ikikaa salama huku, kadi yako ni nzima kwa kiasi kikubwa na kazi imebaki kwenye Windows. Ikiganda katika mifumo yote miwili, elekea kwenye vifaa na BIOS (programu ya ubao inayoiwasha laptopu kabla ya Windows).

Soma alichoandika shahidi

Windows huandika karibu kila kinachotokea. Bonyeza Windows+R, andika `perfmon /rel`, na utaona kalenda yenye alama nyekundu siku zilizokuwa na hitilafu. Tazama ni lini alama zilianza, na ni kitu gani kiliwekwa siku hiyo au iliyotangulia. Mara nyingi utakuta sasisho la draiva limekaa hapohapo.

Kwa undani zaidi fungua `eventvwr.msc`, kisha Windows Logs, halafu System. Utakutana na tukio la Kernel-Power namba 41, na wengi husimama hapo wakidhani wamempata mhalifu. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, na huandikwa wakati wa kuwaka upya, si wakati wa kuganda. Tafuta tukio namba 6008 lililo karibu nalo. Hilo hutaja saa ambayo mfumo ulizimika ghafla. Tuseme linasema 10:12:40. Rudi nyuma kwenye orodha hadi 10:12 na usome mistari ya mwisho kabla ya kimya. Kwenye kadi za Intel utaona chanzo kinachoanza na Netwtw kikifuatiwa na tarakimu mbili. Ukiikuta mistari kadhaa ya aina hiyo, yenye alama ya kosa au onyo, imebanana ndani ya sekunde moja na baada yake hakuna kitu mpaka mashine ilipowashwa tena, draiva ya Wi-Fi umeishika mkononi. Ukikuta badala yake chanzo kinachoitwa disk, au stornvme, ni diski inayolalamika.

Kuna ripoti nyingine nzuri ambayo watu wachache wanaijua. Fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

`netsh wlan show wlanreport`

Windows itatengeneza ukurasa unaoonyesha historia ya Wi-Fi ya siku 3 zilizopita, kila kujiunga na kila kukatika, na itakwambia umehifadhiwa wapi ili uufungue kwa kivinjari.

Draiva

Hapa ndipo matatizo mengi huishia, kwa hiyo usipapite haraka.

Fungua Device Manager kwa `devmgmt.msc`, panua Network adapters na uandike jina kamili la kadi. Bonyeza mara mbili juu yake, nenda kwenye Driver, na uandike tarehe na toleo. Ikiwa kuganda kulianza baada ya sasisho na kitufe cha Roll Back Driver kinabonyezeka, kibonyeze, washa upya na ujaribu. Kikiwa kimefifia, chagua Update Driver, kisha Browse my computer, kisha Let me pick. Mara nyingi utakuta matoleo ya zamani bado yamo ndani ya mashine. Chagua lililo nyuma kidogo.

Hilo lisipofaa, weka draiva safi. Ipakue kwanza kwa kompyuta nyingine au kwa njia ya waya, uihifadhi kwenye flashi. Anza na tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ukitafuta kwa namba kamili ya modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini. Toleo lake huenda likawa la zamani kuliko la mtengenezaji wa kadi, lakini ndilo linalokusudiwa kwa mashine hiyo. Likishindwa, chukua la mtengenezaji wa kadi. Programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zako zote kwa mbofyo mmoja ziache. Zinaweza kuleta draiva isiyo ya kadi yako, na baadhi huja na takataka nyingine.

Ukiwa na faili mkononi, zima Wi-Fi na uchomoe waya. Kwenye Device Manager bonyeza kulia juu ya kadi, chagua Uninstall device, na uweke alama kwenye kisanduku cha kufuta programu ya draiva. Bila alama hiyo, Windows itairudisha ileile dakika hiyohiyo. Baada ya kufuta, bonyeza Scan for hardware changes. Kadi ikirudi ikiwa na draiva nyingine ya zamani iliyobaki, ifute nayo vilevile, mpaka ionekane bila draiva au na ile ya Windows yenyewe. Washa upya, sakinisha kutoka kwenye flashi, washa upya tena, ndipo ujiunge na mtandao.

Angalia pia BIOS. Mtengenezaji anapotoa sasisho lake huandika orodha ya alichorekebisha. Ukiona wametaja Wi-Fi, usingizi au kuganda, liweke, huku chaja imechomekwa na betri ina chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, laptopu inaweza isiwake tena.

Kubana umeme

Ili betri idumu, Windows huiambia kadi ilale kila inapopata nafasi. Kadi nyingine hulala vizuri na haziamki vizuri. Dalili kubwa ni laptopu inayoganda ikiwa kwenye betri na kutulia ikiwa kwenye chaja.

Kwenye dirisha lilelile la kadi, nenda Power Management na uondoe alama ya kuruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Kisha fungua Control Panel, Power Options, mipangilio ya ndani ya mpango unaotumia, na uweke Wireless Adapter Settings kwenye Maximum Performance, na Link State Power Management iliyo chini ya PCI Express kwenye Off. Laptopu nyingi za karibuni huficha baadhi ya mistari hii. Usipoiona, endelea mbele.

Zima na Fast Startup, iliyo chini ya sehemu ya kuchagua kazi ya vitufe vya umeme. Ikiwa imewashwa, Shut down haizimi kiini cha mfumo, bali hukihifadhi kwenye diski na kukirudisha kama kilivyokuwa. Draiva iliyochanganyikiwa jana inaweza kurudi ikiwa imechanganyikiwa leo. Ndiyo maana kuna laptopu inayopona kwa Restart na kuugua tena kwa Shut down, jambo linalowashangaza wengi.

Ruta ikiwa ndiyo tofauti

Jaribio la tatu likionyesha kwamba inaganda kwa ruta moja tu, ingia kwenye mipangilio ya ruta hiyo na ujaribu kitu kimoja kimoja. Tenganisha majina ya mtandao wa 2.4 GHz na wa 5 GHz ili ujue unajiunga na upi. Ikiwa usalama umewekwa WPA2 na WPA3 (aina mbili za ulinzi wa Wi-Fi) kwa pamoja, jaribu WPA2 pekee. Zima kwa muda hali ya 802.11ax, yaani Wi-Fi 6. Kuna kadi za Intel za zamani ambazo zikiwa na draiva za zamani hazikuweza hata kuuona mtandao wa ax, mpaka Intel ilipotoa draiva zilizorekebishwa. Punguza upana wa chaneli hadi 20 MHz kwenye 2.4 GHz. Sasisha programu ya ruta yenyewe.

Ukikuta badiliko moja limeponya, umejua ugomvi uko wapi. Kama ruta si yako, fanya badiliko hilohilo upande wa laptopu: Device Manager, kadi, kichupo cha Advanced, ambako kuna hali ya 802.11, masafa yanayopendelewa na upana wa chaneli. Majina hutofautiana kwa kadi. Usiondoe nywila ya mtandao wala kurudi kwenye WEP, ulinzi wa zamani wa Wi-Fi, kwa ajili ya kujaribu. Ulinzi wa WEP ulikwisha kuvunjwa miaka mingi iliyopita.

Programu zinazoamka intaneti ikija

Antivairasi, VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwa njia ya siri) na programu za kompyuta pepe kama VirtualBox hupachika vichujio ndani ya njia ya mtandao, na kichujio kibovu kinaweza kuganda sawasawa na draiva mbovu. Andika `ncpa.cpl` kwenye Windows+R, bonyeza kulia juu ya Wi-Fi, chagua Properties, na usome orodha. Ukiona mistari ya antivairasi uliyokwisha kuiondoa, ya VPN usiyoitumia, au ya VirtualBox, iondolee alama na ujaribu. Antivairasi mbili kwenye mashine moja ni chanzo cha kweli cha kuganda. Baki na moja.

Kisha fungua `msconfig`, nenda Services, weka alama kwenye Hide all Microsoft services, halafu uzime zilizobaki. Kwenye Task Manager zima vinavyoanza pamoja na mashine. Ikitulia, rudisha nusu ya huduma. Ikiganda, mkosaji yumo katika nusu hiyo. Endelea kugawa hadi abaki mmoja.

Ili kujua kama ni masasisho na usawazishaji wa faili, weka alama ya Metered connection kwenye mtandao wako. Windows itaahirisha sehemu kubwa ya upakuaji wake. Laptopu ikitulia, fungua Task Manager, iondoe alama hiyo na utazame safu za diski na memori. Diski ikipanda hadi 100% na kubaki hapo huku kasi ya kusoma ni ndogo mno, pima afya yake kwa CrystalDiskInfo. Diski inayokufa huonekana nzima mpaka pale inapopewa kazi nzito, na kwa laptopu nyingi kazi nzito huanza intaneti inapopatikana.

Ikiwa kinachoganda ni madirisha ya mafaili peke yake, andika `net use` kwenye Command Prompt. Diski ya mtandao iliyounganishwa zamani na kompyuta isiyopatikana tena humfanya Explorer asubiri jibu lisilokuja. Iondoe, kwa mfano kwa `net use Z: /delete`.

Amri za kusafisha mipangilio ya mtandao, `netsh winsock reset` na `netsh int ip reset`, hutajwa kila mahali kama dawa ya yote. Husaidia mtandao unaokatika. Kwa mashine inayoganda nzima, sizitegemei sana, ingawa hazina madhara kwa kawaida. `sfc /scannow` ina maana zaidi, hasa baada ya mashine kuzimwa kwa nguvu mara nyingi.

Kwenye Linux

Anza kwa `lspci -k` ili ujue kadi na moduli inayoiendesha, kisha baada ya kuganda na kuwasha upya soma kumbukumbu za kiini za mara iliyopita mashine ilipowaka:

`journalctl -k -b -1`

Mistari ya mwisho ndiyo yenye habari. Kisha zima kubana umeme kwa muda, ukiweka jina la kadi yako linaloonyeshwa na `ip link`:

`sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`

Ikisaidia, ifanye iwe ya kudumu kwa kuweka `wifi.powersave = 2` chini ya kichwa `[connection]` kwenye faili ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/`. Kwa kadi za Realtek zinazotumia draiva ya rtw88, tatizo linalojulikana ni usingizi wa PCI Express, njia inayounganisha kadi na ubao. Tengeneza faili ndani ya `/etc/modprobe.d/` yenye mstari huu:

`options rtw88_pci disable_aspm=1`

Kwa Intel jaribu `options iwlmvm power_scheme=1`, na ikishindikana, kwa jaribio tu, `options iwlwifi 11n_disable=1`, ambayo hupunguza kasi sana. Kama yote hayakusaidia, ongeza `pcie_aspm=off` kwenye mstari wa kuwasha wa GRUB (programu inayoiwasha Linux), au washa kwa kiini cha zamani kupitia Advanced options. Ikiwa cha zamani hakigandi, umepata chanzo: sasisho la kiini.

Kufungua mashine

Fika hapa tu ikiwa Windows na Linux zote zinaganda na BIOS ni mpya. Kama laptopu ina dhamana, ipeleke kwanza kwa wenye dhamana kabla ya kugusa skrubu. Na ukiona pedi ya kipanya imeinuka au kifuniko cha chini kimevimba, betri imefura. Acha kuitumia laptopu hiyo mpaka betri ibadilishwe, iwe inaganda au la.

Zima kabisa kwa Shut down huku umeshikilia Shift, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na jambo la kwanza ni kuchomoa plagi ya betri kutoka kwenye ubao. Gusa chuma kisicho na rangi ili utoe umeme tuli mwilini. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni kadi ya Wi-Fi ni ya M.2, ndogo, imeshikwa na skrubu moja, na ina nyaya mbili nyembamba za antena. Kwenye mashine nyingine imeunganishwa kabisa na ubao na haitoki. Piga picha kabla ya kuchomoa nyaya, kwa kuwa kila moja ina mahali pake. Toa kadi, futa meno yake kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti ya isopropili, acha ikauke, irudishe na kuikaza. Vichwa vya antena ni dhaifu mno. Vibonyeze vikiwa vimekaa wima juu ya tundu, kwa ncha ya kidole, mpaka usikie mlio mdogo.

Sasa fanya jaribio muhimu kabla ya kununua chochote: washa laptopu bila kadi na utumie intaneti kwa waya au kwa simu siku nzima. Ikitulia, kadi au tundu lake ndilo bovu. Ikiganda bado, pima memori kwa MemTest86 na uiache izunguke usiku kucha.

Ukinunua kadi mpya, soma aina vizuri. Kadi kama Intel AX201 na AX211 hutumia CNVi, yaani sehemu ya kazi yake hufanywa na mfumo wa prosesa wa Intel unaoendana nazo. Haziwezi kufanya kazi kwenye laptopu ya AMD hata zikiingia kwenye tundu. AX200 na AX210 ni za PCI Express ya kawaida na hukubali mashine nyingi zaidi. Baadhi ya laptopu za zamani, zikiwemo za HP na Lenovo, zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS, na ukiweka isiyomo zinakataa kuwaka mpaka uitoe.

Kama kadi haibadilishiki, au tundu ndilo lililokufa, zima kadi ya ndani kwenye BIOS ikiwa kuna nafasi hiyo, au bonyeza Disable device kwenye Device Manager, kisha utumie adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB. Ikiwa adapta ni ya 2.4 GHz, ichomeke mbali na flashi au diski za USB 3.0, kwa sababu vifaa hivyo hutoa kelele kwenye masafa hayohayo na mtandao utakuwa mzito hata ukikaa karibu na ruta.